Askiya, qiziqchi na Afandi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sanaa za mzaha za Wauzbeki

Maswali haya yanarudi kila mara mazungumzo yanapofika kwenye vichekesho vya Asia ya Kati. Tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yenye utata, na kuyapa namba. Jibu likihitaji jambo lililokwisha elezwa, utaelekezwa kwenye swali lenyewe.

## Mambo ya msingi

1. Tunazungumzia sanaa gani hasa?

Ni familia ya sanaa za mdomo zinazochekesha, zilizokua miongoni mwa Wauzbeki, wengi wao wakiishi katika nchi ya Uzbekistan ya leo. Mashuhuri zaidi ni *askiya*, mashindano ya kujibizana kwa maneno yenye maana mbili. Wapo pia *qiziqchi* na *masxaraboz*, waigizaji wa vichekesho vya uwanjani. Ipo *latifa*, kisa kifupi cha kuchekesha, ambacho mara nyingi shujaa wake ni Nasriddin Afandi. Ipo *lof*, mashindano ya kutia chumvi. Vipo vikaragosi vya mkononi. Na zipo nyimbo za harusini za kutaniana.

Ukurasa huu unakaa zaidi kwenye askiya, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa sana, na kwa maoni yangu ndiyo inayomgusa kwa karibu zaidi mtu aliyekulia katika lugha yenye mafumbo kama yetu.

2. Maneno haya yanasomwaje? Na mbona mengine yanafanana na ya kwetu?

Herufi *x* katika Kiuzbeki husomwa kama *kh* ya Kiarabu, na *q* hutamkwa nyuma kabisa ya koo. Kwa hiyo *masxaraboz* ni "maskharaboz", mtu anayecheza *masxara*. Neno hilo lina asili moja na *masihara* yetu. Wauzbeki na Waswahili walilipokea kutoka Kiarabu, kila mmoja kwa njia yake.

Si hilo peke yake. *Afandi* ni ndugu wa *afande*: yote mawili yanatokana na *efendi* ya Kituruki, ila kwetu limebaki kambini na kituoni, na kwao limekuwa jina la mchekeshaji. *Ustoz* ni ustadhi. *Choyxona* ni nyumba ya chai. *Palov* ni pilau. Lugha hizi hazina undugu, kwa sababu Kiuzbeki ni lugha ya jamii ya Kituruki. Zilichota tu kwenye visima vilevile vya Kiarabu na Kiajemi.

3. Neno "askiya" maana yake nini?

Linatokana na neno la Kiarabu la wingi lenye maana ya watu werevu, wenye akili nyepesi. Mchezaji wake huitwa *askiyachi*. Kwa hiyo jina lenyewe linasifu akili kabla ya kutaja kicheko. Wenyewe huiona askiya kuwa kipimo cha werevu, na kicheko kuwa ushahidi kwamba kipimo kimepita.

4. Ni sanaa ya eneo gani?

Kitovu chake ni Bonde la Farg‘ona, mashariki mwa nchi: miji ya Qo‘qon, Marg‘ilon, Andijon, Namangan na vijiji vinavyoizunguka. Toshkent, mji mkuu, nao una wapenzi wengi. Ukielekea magharibi, Buxoro na Xorazm, utakuta masxaraboz wana nguvu zaidi kuliko askiya (swali la 11).

5. Ni ya kale kiasi gani?

Mabaraza ya kushindana kwa maneno yalikuwapo Herat katika karne ya 15, mji ambao leo uko Afghanistan. Wakati huo alitawala Sultani Husayn Boyqaro, na hapo ndipo alipoishi mshairi Alisher Navoiy (1441–1501), ambaye Wauzbeki humhesabu kuwa baba wa fasihi yao. Zayniddin Vosifiy, mwandishi aliyezaliwa Herat mwaka 1485, aliacha kumbukumbu zinazosimulia mabaraza ya watu wa Navoiy, watani hodari waliokuwa wakiviziana kwa maneno mbele ya wageni.

Askiya ya leo ilipata sura yake katika Bonde la Farg‘ona, hasa katika enzi ya makhani wa Qo‘qon, ambao utawala wao ulifutwa na Warusi mwaka 1876. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika askiya katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

## Askiya kwa ndani

6. Askiya inachezwaje?

Kwanza kuna hadhira. Bila watu wa kucheka hakuna askiya. Wachezaji wawili, au makundi mawili, husimama au kuketi wakitazamana. Wanakubaliana mada, inayoitwa *payrov*, neno la Kiajemi lenye maana ya kufuata nyayo. Mada inaweza kuwa matunda, ndege, vyombo vya muziki, majina ya miji, majina ya nyimbo, sehemu za gari, hata mpira wa miguu.

Mmoja anarusha sentensi. Kijuujuu inazungumzia mada, kumbe ndani yake inamchoma mwenzake: umbo lake, kazi yake, ubahili wake, lakabu yake. Mwenzake anapaswa kujibu papo hapo, akibaki ndani ya mada ileile, kwa neno lingine lenye maana mbili. Akisita, kasi inavunjika na hadhira inajua. Akitoka nje ya mada, ameshindwa. Akirudia neno lililokwisha tumika, hana jipya. Jibu likiwa kali mno hata halijibiki, watu hupiga kelele "*Qoyil!*", yaani wamekubali.

Hakuna refa wala alama. Kicheko cha hadhira ndicho kinachoamua, na mara nyingi mshindwa mwenyewe ndiye anayecheka zaidi ya wote.

7. Mbona mifano iliyotafsiriwa haichekeshi?

Kwa sababu kicheko kimejificha ndani ya neno, na tafsiri hubeba maana moja tu. Kiuzbeki kina utajiri mkubwa wa maneno ya sauti moja na maana nyingi. *Olma* ni tufaha, na pia ni "usichukue". *Qo‘y* ni kondoo, na pia ni "weka". *Ot* ni farasi, ni jina la mtu, na ni "tupa". *Yoz* ni kiangazi na ni "andika". *Kul* ni majivu na pia ni "cheka". Mchezaji akikualika kwenye tufaha huku anakukataza usiguse, Mfarg‘ona anaangua kicheko. Wewe unayesoma tafsiri unaona tunda tu.

Njia nzuri ya kuionja askiya ni kuijaribu kwa Kiswahili. Huu hapa ni mfano niliotunga mwenyewe, payrov ikiwa ni wanyama:

— Nasikia umejenga, lakini juu ya nyumba kweupe. Paa amekukimbia?

— Hajakimbia. Alikuona unakuja na mbuzi, akakaa pembeni angoje pilau. Kumbe mbuzi wako hana nyama, ana meno tu.

— Afadhali mbuzi wangu anakuna nazi. Kwako wewe mgeni akiambiwa "kaa" anatoka mbio, anaogopa kubanwa.

Paa, mbuzi, kaa: mnyama anaonekana juu, na chini yake kuna kitu kingine. Sasa fikiria hayo yakiendelea robo saa bila kuandika, bila kufikiri, mbele ya mamia ya watu wanaokutazama usoni.

8. Kuna aina nyingine zaidi ya payrov?

Ndiyo, ingawa payrov ndiyo mfalme. Aina inayojulikana sana ni *o‘xshatdim*, "nimekufananisha": unamfananisha mwenzako na kitu, naye anauliza kwa nini, nawe unalazimika kueleza ulinganifu unaokubalika. Nyingine huanza kwa kuuliza *gulmisiz, rayhonmisiz, jambilmisiz*, yaani "Je, wewe ni ua, ni mrehani, au ni jambil?" Jambil ni majani ya harufu nzuri yanayopandwa bustanini. Mwenye kuulizwa huchagua mmoja, kisha mzaha unajengwa juu ya mmea aliouchagua. (Rayhon ni mrehani uleule wa pwani.) Ipo ya vina, *qofiya*, na ipo ya vitendawili, *chiston*.

9. Si matusi haya? Mchezaji akikasirika inakuwaje?

Akikasirika, mchezo umekwisha, na yeye ndiye aliyeshindwa. Hilo ndilo sharti la kwanza la adabu ya askiya: anayeingia ulingoni ametoa ruhusa ya kutaniwa. Asiyetoa ruhusa haguswi. Huwezi kumrukia mpita njia na kumwita mwenzako wa askiya.

Matusi ya wazi huhesabiwa kuwa ufukara wa maneno. Mtu anayetukana ameshindwa kupata neno la kuficha, na sanaa yote iko katika kuficha. Jambo zito linaweza kusemwa, hata la chumbani, lakini liwe limevikwa nguo ya tufaha au farasi, hivi kwamba mtoto aliyeketi karibu anasikia habari za matunda tu. Sijui sifa nyingine ya askiya inayonivutia kuliko hiyo.

10. Je, ni sawa na utani wa Tanzania, au mchongoano wa Kenya?

Kuna kinachofanana na kisichofanana. Utani wa Tanzania hutegemea uhusiano uliokwisha kuwepo: ukoo, kabila, babu na mjukuu. Mtani wako ana haki ya kukutania hata msibani kwako, na huchagui wewe. Askiya haina ukoo. Uhusiano wake unazaliwa pale mada inapokubaliwa, na unakwisha mchezo unapokwisha.

Mchongoano uko karibu zaidi kwa kuwa nao ni mashindano mbele ya hadhira. Lakini nguvu yake iko katika kutia chumvi: "wewe ni mnene hadi…" Kwa Wauzbeki hilo lina jina lake lenyewe, *lof*, na hushindaniwa peke yake, kila mmoja akimzidi mwenzake kwa uongo mkubwa zaidi. Kwenye askiya chumvi haitoshi. Lazima neno moja libebe maana mbili.

Mimi ningeilinganisha zaidi na washairi wetu wa malumbano wanaojibizana kwa mafumbo, ila wachezaji wa askiya hawapewi usiku wa kutafuta vina.

## Waigizaji na vikaragosi

11. Qiziqchi na masxaraboz wanatofautiana vipi?

Majina mara nyingi huchanganywa, hata na Wauzbeki wenyewe. Kwa jumla, qiziqchi ni mwigizaji wa Bonde la Farg‘ona na Toshkent, na silaha yake ni maneno: anaigiza kisa kifupi, anaiga sauti na mwendo wa watu, anabuni mazungumzo papo hapo. *Qiziq* maana yake ni "cha kuvutia" au "cha kuchekesha", na huwekwa baada ya jina la msanii kama cheo.

Masxaraboz wa Buxoro, Surxondaryo na Xorazm anategemea mwili zaidi. Anaiga wanyama, anacheza ngoma, anajipaka unga au masizi usoni, pengine anavaa kinyago. Huko Xorazm hushika *qayroq*, vipande vya mawe bapa vinavyogonganishwa vidoleni.

12. Walikuwa wakimcheka nani?

Kadhi mla rushwa, mwalimu wa madrasa asiyejua anachofundisha, tabibu mwongo, mfanyabiashara bahili, ofisa mwenye kiburi. Ni watu ambao mwananchi wa kawaida hakuthubutu kuwajibu uso kwa uso. Zokir Eshon aliongoza kikundi cha waigizaji katika Qo‘qon ya khani Khudoyorxon, karne ya 19, na michezo ya namna hiyo ilionyeshwa hata mbele ya wakubwa wenyewe. Mchekeshaji alipewa nafasi ya kusema ambayo mshairi wa ikulu hakuwa nayo.

13. Yusufjon qiziq ni nani?

Ni jina utakalolikuta kila mahali. Yusufjon qiziq Shakarjonov alizaliwa Marg‘ilon mwaka 1869 na kufariki mwaka 1959. Alijifunza kwa Sa’di Maxsum, wa kizazi kilichotokana na kikundi cha Qo‘qon kilichotajwa hapo juu. Alikuwa qiziqchi, askiyachi, mwimbaji na mcheza ngoma.

Hesabu miaka hiyo. Alizaliwa khani angali kitini, akawa kijana chini ya mfalme wa Urusi, akazeeka chini ya Wasovieti, na katika zama zote hizo aliendelea kuchekesha. Mambo mengi tunayoyajua kuhusu michezo ya kale yamefika kwetu kwa sababu yeye aliyabeba kichwani kwa miaka 90 bila kuyaandika.

14. Na vikaragosi?

Shujaa wa vikaragosi vya mkononi anaitwa Polvon Kachal. Polvon ni pahalwani, kachal ni mwenye upara. Mkewe ni Bichaxon. Msanii hujificha nyuma ya pazia na kuweka mdomoni kifaa kidogo kinachoitwa *safil*, ambacho huigeuza sauti yake iwe nyembamba na ya kukwaruza. Kwa kuwa sauti hiyo haieleweki vizuri, mwenzake anayeitwa *korfarmon* huketi mbele akipiga *doira*, ngoma ya duara, akizungumza na kikaragosi na kurudia maneno yake kwa njia ya maswali. "Ati unasema umepigwa?" Hapo ndipo hadhira inapoelewa, na hapo ndipo inapocheka.

## Nasriddin Afandi na latifa

15. Je, Afandi ndiye Abunuwasi wetu?

Ni watu wawili tofauti wenye visa vilevile. Abu Nuwas alikuwa mshairi halisi wa Baghdad, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, na pwani ya Afrika Mashariki ikamfanya Abunuwasi mjanja wa hadithi. Nasriddin, anayeitwa Hoja, Molla au Afandi kutegemea nchi, anadaiwa na mataifa mengi, kuanzia Uturuki hadi Wauyghuri wa China.

Visa husafiri kuliko watu. Kile cha sufuria iliyozaa, kisha ikafa, ambacho wengi wetu tulikisikia kwa jina la Abunuwasi, Mwuzbeki atakusimulia kwa jina la Afandi: anaazima sufuria, anairudisha na ndogo ndani yake akisema imezaa, mwenyewe anafurahi, na mara ya pili anaambiwa imekufa. Aliyekubali uzazi atakataaje kifo?

Kusimulia visa vya Nasriddin kuliandikwa na UNESCO mwaka 2022 kwa jina la nchi saba kwa pamoja, Uzbekistan ikiwemo. Hakuna nchi iliyoshinda ule ubishi wa kaburi na mahali alipozaliwa, na ni vizuri hivyo. Mjini Buxoro, kando ya bwawa la Labi Hovuz, ipo sanamu yake juu ya punda, iliyosimamishwa mwaka 1979. Watoto hupanda kwenye punda huyo kupigwa picha.

16. Afandi ni mjinga au mwerevu?

Vyote viwili, na hilo si kosa la wasimulizi. Katika kisa kimoja anamshinda kadhi kwa hoja, katika kingine anamtafuta punda aliyempanda. Latifa inamhitaji mtu anayeweza kuwa sisi na pia kuwa yule tunayemcheka.

## Maswali yenye utata

17. Wanawake wamo?

Askiya ya hadharani imekuwa kwa muda mrefu uwanja wa wanaume, kwa sababu ilikulia kwenye choyxona na kwenye *gap*, mikutano ya zamu ya marafiki wa kiume. Siku hizi wapo wanawake wanaoicheza, lakini bado ni wachache.

Ukitafuta kicheko cha wanawake usikitafute choyxona, kitafute harusini. *Lapar* ni nyimbo za kujibizana, mara nyingi kati ya mwanamume na mwanamke, zenye kuchokozana. *Kelin salom* huimbwa bibi harusi anapofikishwa ukweni: ukoo mzima unasalimiwa mmoja mmoja, na kila mkwe anapata sifa yake pamoja na kijembe chake, huku bibi harusi akiinama kwa heshima. Xorazm wana *xalfa*, wanawake waimbaji na wasomaji wanaoongoza hafla za wanawake. Atakayesema mzaha wa Wauzbeki ni wa wanaume basi amesimama upande mmoja wa ukuta.

18. Wauzbeki wengi ni Waislamu. Dini haikupinga?

Kwa jumla mzaha wenyewe haukuwa na tatizo. Waliochekwa ni wachamungu wa uongo, wala si ibada (swali la 12). Askiya hadi leo huchezwa kwenye karamu za harusi na za tohara, mbele ya wazee wenye vilemba.

19. Enzi ya Wasovieti iliifanya nini?

Iliiinua na kuibana kwa wakati mmoja. Wachekeshaji waliingizwa kwenye vikundi vya serikali, majukwaani na redioni. Mwaka 1939, watu wapatao 160,000 walipochimba Mfereji Mkuu wa Farg‘ona kwa majembe na mikono, wasanii walipelekwa kuwatumbuiza. Askiya ilipata hadhira ambayo choyxona isingeweza kuipa.

Lakini ulimi ulipewa mipaka. Kumcheka kadhi wa zamani kuliruhusiwa, hata kukahimizwa. Kumcheka mkubwa wa sasa ilikuwa jambo jingine. Mwandishi Abdulla Qodiriy alikamatwa mwaka 1926 kwa sababu ya makala ya mzaha katika jarida la *Mushtum*, akaachiwa. Baadaye akakamatwa tena, na mwaka 1938 akapigwa risasi. Huyo alikuwa mtu wa kalamu. Mtu wa askiya alikuwa na kinga moja ndogo: maneno yake yalikuwa na maana mbili, na ile ya juu ilikuwa ya matunda.

20. Mtu anajifunzaje?

Kwa *ustoz* na *shogird*, mwalimu na mwanafunzi wake. Kijana huandamana na bwana wake kwenye hafla, anakaa nyuma, anasikiliza kwa miaka. Hakuna kukariri, maana jibu la jana leo ni aibu. Anachofundishwa ni kusikia: neno likipita asikie maana zake zote kwa pamoja. Wengi wa mabingwa walikuwa na kazi nyingine, wakulima, wapishi, vinyozi, wanamuziki, na kila kazi iliwaongezea msamiati wa payrov.

21. Nikienda Uzbekistan nitaiona wapi?

Usiitafute kama onyesho la tiketi. Nenda Bonde la Farg‘ona, Qo‘qon au Marg‘ilon, hasa siku za Navro‘z, tarehe 21 Machi, ambapo watu hutoka nje kusherehekea. Ukialikwa harusini, kubali, na ukiambiwa kuna palov ya asubuhi, fika mapema, kwa sababu huliwa jua likichomoza. Kaa karibu na wazee. Hutaelewa maneno, lakini utaona watu wawili wametulia, mmoja anasema jambo dogo kwa sauti ya kawaida, kimya cha nusu sekunde kinapita, kisha ukumbi mzima unapiga magoti yake. Mwombe aliye jirani akueleze. Ataanza kueleza, atashindwa, atacheka upya, na atakumiminia chai.